Ijumaa Kuu Kwenye Mdomo wa Shimo

Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, nahamishia meza yangu kwenye kona ya sebule, mbali na dirisha, ili wapita njia wasinione wakaingia kunisalimia. Mke wangu hunicheka. Anasema mchungaji anayewakimbia waumini wake ili akaandike juu ya upendo ni mchungaji wa ajabu sana. Namwambia aniache, ananiacha kidogo, kisha ananiletea chai. Mwaka ule sikuwa nimeandika hata mstari wa pili niliposikia mtu anagonga.

Hakugonga mlangoni. Aligonga chini yangu, ndani ya udongo, chini ya saruji ya sakafu. Nyundo na patasi, taratibu, kisha kimya, kisha tena. Mgeni angetoka mbio. Sisi wa Kasulo tumezoea. Mtaani kwetu watu wamechimba kobalti uani, jikoni, hata chini ya vitanda vyao. Ukiona turubai la rangi ya chungwa nyuma ya nyumba, jua chini yake kuna shimo, na kutoka kwenye shimo hilo kuna njia zinazofuata madini popote yanapokwenda, bila kuuliza nyumba iliyo juu ni ya nani. Nilijua wanaonigongea ni watu wa nani. Shimo la karibu lilikuwa uani kwa mzee mmoja wa kanisa langu, ng'ambo ya kichochoro. Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba walikwishafika chini ya meza yangu.

Kwenda kushtaki? Kwenda ofisi ya serikali Manika kusema kuna shimo Kasulo ni sawa na kwenda kuwaambia kwamba mvua inanyesha. Nikavuta kiti, nikaendelea.

Somo langu lilikuwa upatanisho. Nimelihubiri Ijumaa Kuu nyingi, na kila mara nimeanza na wale mbuzi wawili wa Agano la Kale, wa siku ile moja katika mwaka ambapo kuhani alisimama mbele ya watu wote. Mmoja anachinjwa. Wa pili anawekewa mikono kichwani, anabebeshwa makosa ya watu, anafukuzwa jangwani. Yule anayechinjwa sina shida naye. Yule wa pili ndiye anayenisumbua tangu ujana wangu, kwa sababu hakuna anayetuambia alifia wapi. Niliandika hayo kisha nikayafuta, maana watu wa kanisa hawapendi mchungaji aulize maswali ambayo hana majibu yake.

Mchana wa siku ileile, Jumatatu, mvua ilishuka kwa hasira. Ilikuwa mvua ya mwisho wa msimu, ile inayokuja kama imesahau kitu. Kugonga kukakoma. Baadaye kidogo tukasikia kelele, si kwa mzee wangu bali kwa jirani yake wa upande wa pili. Udongo ulikuwa umeporomoka ukafukia shimo, na ndani kulikuwa na mtu.

Alikuwa kijana wa kutoka Kasai. Hakuwa muumini wangu, nilimjua kwa kofia yake ya kijani na kwa jinsi alivyopenda kuimba akipita. Wenzake walichimba kwa majembe, kwa mabeseni, kwa mikono. Maji yalijaa haraka kuliko walivyoweza kuyatoa. Kabla jua halijazama mwenye shimo alisema basi, wasije wakafa na wengine. Nilisimama pale na Biblia chini ya koti isilowane, nikaombea udongo, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuombea. Hawakumtoa. Yuko huko mpaka leo.

Kesho yake asubuhi mzee wangu wa kanisa alikuja. Niseme habari zake, kwa maana nilimpenda, na bado nampenda. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi mpaka alipoachishwa pamoja na wengine. Ana kikohozi kisichopona na sauti nene ambayo kwaya yetu haiwezi kuimba bila hiyo. Mimi na yeye tumezika watu pamoja, tumeozesha pamoja, tumegombana juu ya rangi ya mlango wa kanisa. Alipoketi alishika kofia yake magotini, akaitazama sakafu yangu, nikajua na yeye anajua amefika wapi.

"Pastere," akasema, "batu yangu banakataa kushuka."

"Banafanya muzuri."

"Banasema udongo imekula mutu, sasa imejua utamu yake. Banataka mbuzi."

Hiyo ni desturi ya mashimo yetu, na nimeikuta hapa. Shimo likila mtu, mashimo ya jirani hayashukwi mpaka damu imwagwe mdomoni mwa kila moja. Mwenye shimo ndiye anayemleta mbuzi. Anachinjwa palepale, nyama inaliwa palepale, hakuna anayepeleka hata mfupa nyumbani, na wanawake wanakaa mbali. Wakishamaliza wanasema shimo limelipiwa. Nimehubiri dhidi ya jambo hilo mpaka sauti ikakauka.

"Na we unasema nini?" nikamwuliza.

"Mi niko mukristu. Mbuzi nilikataa." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Njo maana nimekuja kwako. Ile kikombe ya Meza ya Bwana, ukuje nayo, umwange kidogo mu shimo. Damu ya Yesu iko na nguvu kupita mbuzi. Ao haiko vile unatufundishaka?"

Nilicheka, na sikuwa nimekusudia, nikamwita tata, yaani baba, kama ninavyomwita siku zote. "We tata, kikombe ya Bwana haiko maji ya kumwangia tomate!"

Na yeye alicheka, ila macho yake hayakucheka. Akaniambia hawezi kungoja. Madini yalikuwa mbele kidogo tu, na watu wa shimo lingine walikuwa wanayajia kutoka upande ule mwingine, chini kwa chini. Vijana wake wakikaa sana watahamia huko, na yeye atabaki na shimo tupu uani na nyumba iliyopasuka.

"Basi uache kikombe," akasema akisimama. "Vendredi saint, ile Ijumaa Kuu, utahubiri. Hubiri tu ile ya kusema yote ililipiwa. Uhubiri muzuri, pastere. Nitabaleta bote bakae nyuma. Bakisikia vile, batashuka."

Alipoondoka nilibaki naitazama karatasi. Nimehubiri miaka mingi nikiwaomba watu waamini, na wengi wameniitikia amina wakaenda zao kama walivyokuja. Sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na watu ambao wangefanya hasa kile nitakachosema, tena siku ileile. Niliogopa. Kilichowazuia vijana wale wasizikwe hai katika udongo uliolowa hakikuwa akili, wala sheria, wala miti ya kuegemeza paa, kwa sababu hawakuwa na hata mti mmoja. Ilikuwa hofu yao ya shimo lisilolipiwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeketi pale, na chai yangu, natafuta maneno mazuri ya kuwaondolea hofu hiyo.

Jumatano mvua ilipumzika, nikavuka kichochoro kwenda kujionea. Mzee hakuwepo. Vijana wake walikuwa wameketi juu ya mifuko mitupu chini ya turubai, wanacheza karata. Mmoja ni mpiga gitaa wetu wa kanisa, niliyemfungisha ndoa mwaka ule ule, na mkewe alikuwa tayari na mimba kubwa. Aliniinukia akanipa nafasi yake. Sikuketi. Nilikuwa nautazama ufa.

Ulianzia mdomoni mwa shimo, ukapita uani, ukaingia chini ya ukuta wa jiko. Ungeweza kupitisha kiganja. Niliinama juu ya shimo. Chini kabisa nilisikia maji yanadondoka ndani ya maji. Kuta zilizochongwa ngazi za miguu zilikuwa zinang'aa kwa unyevu, na kipande cha udongo kilijibandua mbele ya macho yangu kikaanguka bila haraka.

"Pastere," mpiga gitaa akaniuliza nyuma yangu, kwa adabu kabisa, "hii shimo imelipiwa, ao bado?"

Wote waliacha karata. Nilikuwa na majibu mengi ya kichungaji. Ningeweza kumwambia kwamba swali lenyewe limekosewa, nikaeleza mpaka jioni. Lakini nilikuwa nimeona ule ufa, na damu ilinipanda.

"Bado," nikasema.

Walishusha pumzi. Sijawahi kuona watu wanapokea habari mbaya kwa furaha kiasi kile. Mmoja alikusanya karata, mwingine akaanza kufunga turubai vizuri juu ya mdomo. Nikaongeza haraka kwamba wangoje mvua zikatike, wakate miti, waegemeze njia yote, lakini nadhani hakuna aliyenisikia. Walikuwa wamekwishapata neno walilolitaka. Nilirudi nyumbani najiona mjanja.

Mke wangu alinipakulia bukari, ugali wetu wa huku, akaniuliza nimewaambia nini hata wanapita barabarani wanacheka. Nikamweleza. Aliweka sahani chini.

"Ulibaambia bado?"

"Niliona ufa, mama. Batakufa mule."

"Na Vendredi utabaambia nini? Kama Yesu alilipa ya batu yote, inabakia tu ile shimo ya Kasulo?"

Nilimfokea. Nilimwambia aende yeye akahubiri basi, kama anajua sana. Alitoka nje kuosha sufuria, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli na sote wawili tulijua. Bukari ilipoa mezani.

Alhamisi nilikaa kwenye kona yangu, na chini kulikuwa kimya. Ningepaswa kushukuru. Badala yake kila mara nilijikuta nimesimamisha kalamu, nasikiliza. Niliandika kuhusu msamaha, nikasikiliza. Niliandika kwamba hakuna dhabihu nyingine inayohitajika tena, neno hilo nikalipigia mstari, nikasikiliza. Mwishoni nilikusanya karatasi nikaenda kuandikia kanisani.

Mzee alikuwa huko, anafagia. Hufagia kila siku kabla ya sikukuu, hakubali mtu mwingine afanye. Alinisalimu, akafagia mpaka mbele ya mimbari, kisha akasimama akiegemea fagio.

"Pastere, balinieleza. Ulisema bado."

"Nilisema juu ya mvua, tata. Na juu ya miti. Ile shimo yako itaanguka."

"Haukusema mvua." Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. "Ulisema bado. Mi nilikuwa nafikiri yote ilikwisha kulipiwa. Lakini we njo pastere, unajua. Basi kama haiko mbuzi, na haiko kikombe, nani njo atalipa?"

"Miti njo italipa!" nikasema kwa ukali. "Ukate miti, tata. Ile tu."

"Mwenye shimo ni mi," akasema, kana kwamba sikusema kitu, akaendelea kufagia.

Nilipaswa kulichukua fagio lile mkononi mwake, nimketishe chini, tuongee kama ndugu mpaka tumalize. Nilikuwa na mahubiri ya kumaliza. Nilimtazama akisogeza viti, anavipanga kwa mstari, anavipangusa kimoja kimoja kwa mkono wa shati, na nikajikuta nimesoma mstari uleule mara tatu. Nikasema moyoni ni uchovu.

Ijumaa kanisa lilijaa mpaka nje. Vijana wa shimo walikuwa safu ya nyuma, wameoga, mashati yamefungwa mpaka shingoni. Mpiga gitaa alikuwa mahali pake. Kiti cha mzee, cha mbele upande wa kulia, kilikuwa kitupu. Nilidhani yuko nje anapanga watu. Kwaya iliimba, na ule upande wa chini wa wimbo, ambako sauti yake hukaa, ulikuwa na tundu ambalo hata watoto walilisikia wakageuka.

Nilihubiri. Sitasema nilihubiri vibaya. Nilieleza mbuzi wa kwanza, nikaeleza wa pili, nikasema kwamba Yeye alikuwa wote wawili, aliyeuawa na aliyepotea, na kwamba baada yake hakuna anayedaiwa tena, wala mtu, wala mtaa. Nilisema yote yamelipwa. Nilisema kwa sauti kubwa, na nilimaanisha, maana mke wangu alikuwa ameketi pale ananitazama. Safu ya nyuma iliinamisha vichwa.

Hapo ndipo nilipomwona mke wa mzee. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka naye anayaacha. Nimewaona wanawake wengi wakilia Ijumaa Kuu. Huyu hakuwa analilia msalaba. Niliacha sentensi katikati, nikashuka, nikainama mbele yake.

"Mama, tata eko wapi?"

"Alishuka," akasema. "Peke yake, asubuhi. Alisema kama udongo inataka mutu, ikamate mwenye shimo, iache batoto ya benyewe. Alinikataza kusema kabla ya mahubiri kwisha."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka kichochoro, matope, viatu vyangu vya ibada vikiteleza, na kanisa zima nyuma yangu. Turubai lilikuwa limefunguliwa. Nililala kifudifudi mdomoni mwa shimo, nikamwita. Nilimwita tata, nilimwita ndugu, nilimwita kwa cheo chake cha kanisa, kama mjinga. Maji yaliendelea kudondoka huko chini. Ufa ulikuwa umepanuka. Sasa mkono wangu wote ungeingia. Mpiga gitaa alikuwa anavua viatu, nikamshika shati nikamwambia akishuka nitampiga, mimi mchungaji wake, mbele ya watu.

Nilikuwa nimemuua. Hilo ndilo nililolijua pale chini kwenye tope, na sikulizunguka. Nilikuwa nimempokonya Mwokozi wake kwa neno moja ili nimwokoe mimi, naye akaenda kuziba nafasi iliyobaki.

Kisha tukaona mwanga. Mdogo, unatikisika, toshi ya kichwani. Alipanda polepole, mguu baada ya mguu, anakohoa, anapumzika, anapanda. Watu wawili walimvuta kwa makwapa wakamlaza juani. Alikuwa tope tupu, meno tu ndiyo meupe. Mkononi alikuwa na jiwe jeusi, zito, la madini yenyewe, akaliinua tulione wote.

"Imenikubali," akasema. "Nilikaa mule, nikaiambia nikamate. Haikunikamata."

Kelele iliyopigwa pale siwezi kuieleza. Akina mama, waliosimama mbali na shimo kama desturi inavyotaka, walianza wimbo, ule wa Pasaka ambao tulipaswa kuuimba Jumapili. Mkewe alipiga magoti kichochoroni. Nilimkumbatia mzee tukachafuka wote wawili, na nililia kwa sauti, sioni aibu kusema. Mtu wangu alikuwa hai. Kwa muda huo sikuwaza kitu kingine chochote.

Nilipoinua kichwa, vijana walikuwa wanavua mashati yao ya kanisa.

Walifanya bila haraka, kama watu wanaorudi kazini baada ya chakula. Wa kwanza alifunga toshi kichwani. Wa pili alibeba nyundo. Niliruka katikati yao nikaanza kupiga kelele. Niliwaonyesha ufa. Niliwaambia maji yako chini, paa halina mti, mzee ameokoka kwa bahati. Niliwaambia damu ililipa dhambi, haikulipa miti. "Damu ililipa zambi!" nikapaza sauti. "Haikulipa miti! Munanisikia? Miti, haikulipa!" Walinisikiliza kwa heshima yote, mikono nyuma, na mmoja wao alikuwa amekwishaingiza mguu katika ngazi ya kwanza.

Mpiga gitaa alibaki wa mwisho. Alinisogelea karibu sana, kwa sababu wimbo ulikuwa mkubwa.

"Pastere, hata kabla ya mahubiri ulikuwa unaogopa. Mi naona. Uniambie kweli sasa. Imelipiwa, ao haiko vile?"

Kanisa lote lilikuwa nyuma yangu, na maneno yangu ya mimbarini yalikuwa bado vichwani mwao. Mke wangu alikuwa pale. Na ilikuwa Ijumaa Kuu, na jambo aliloniuliza ni kweli, ni jambo la kweli kuliko yote ninayoyajua.

"Imelipiwa," nikasema, "lakini..."

Alitabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyofanya mlangoni baada ya ibada, akashuka. Hakuingoja ile lakini.

Mtu wa kushika kamba juu naye alikuwa ameshuka, kwa hiyo niliishika mimi. Niliketi kwenye tope na koti langu la sikukuu, nikaivuta mifuko kila walipoitikisa kamba kutoka chini, nikaimwaga, nikairudisha. Mke wa mpiga gitaa alisimama kwenye pembe ya nyumba, mbali kama ilivyo desturi, mikono juu ya tumbo lake, ananitazama mimi wala si shimo. Sikujua niuweke uso wangu wapi.

Siku ile walitoka wote. Jumapili walikaa mbele, wakaimba kuliko watu wote, na Jumatatu wakashuka tena. Tangu siku ile hawaogopi, na miti hawajakata.